Kasula ya Kijani

Juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, chini ya taa ninayoiwasha hata mchana kwa sababu kibanda hiki hakina dirisha la maana, kuna kasula ya kijani, lile vazi la juu ambalo padre huvaa katika Misa, ambayo mhudumu wa sakristia aliniletea Jumatatu ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Imechanika begani upande wa kulia, mahali ambapo stola (ukanda mrefu wa shingoni) iliyo chini yake huisugua kila padre anapoinua mikono, na upindo wa mbele umelika kwa kugusana na ukingo wa altare. Nimewahi kushona kasula nyeupe ya Pasaka na kurekebisha nyekundu ya Pentekoste, na zote mbili zilikuwa karibu mpya. Hii ya kijani imechakaa hata rangi ya mgongoni si ile ya kifuani, na sababu yake ni hesabu tu: katika mwaka wa Kanisa, Kipindi cha Kawaida, yaani majuma yasiyo ya Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka, huchukua majuma 33 au 34, na katika majuma hayo kijani ndiyo rangi ya kila Jumapili isipokuwa sherehe fulani ikiingilia.

Niliingia Kanisa Katoliki usiku wa tarehe 8 Aprili 2023, katika Kesha la Pasaka, nikiwa na umri wa miaka 36. Tangu hapo watu wamekuwa wakiniomba niwasimulie usiku ule, kwa sababu kule nilikotoka ushuhuda ni kitu chenye siku na saa: siku fulani nilikuwa gizani, siku fulani nikatoka. Huwa nasimulia. Hata hivyo, kadiri miaka inavyopita naona kwamba usiku ule ndio sehemu ninayoweza kuisimulia bila kujitaabisha, na kwamba kama kuna imani yoyote iliyokua ndani yangu, imekua katika majuma ya kijani, ambayo hayana kisa.

Mimi ni Mgiriama wa Ganda, karibu na Malindi, na ubatizo wangu niliupata mwaka 2009 katika mto Sabaki, mikononi mwa mchungaji wa kanisa dogo la kilokole nililokuwa nikisali wakati huo. Ninachokikumbuka zaidi ni vijana wawili waliosimama ndani ya maji hadi kiunoni wakiyapiga kwa fito ili mamba wasisogee, na jinsi mchungaji alivyoyaharakisha maneno yake huku jicho moja likiwa mtoni. Miaka kumi na miwili baadaye, nilipoanza mafundisho ya katekesi, paroko aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: maneno yaliyotamkwa siku ile yalikuwa yapi? Sikuyakumbuka. Nilikuwa nimesikia fito na moyo wangu mwenyewe. Akanieleza kwamba ikiwa nilibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi nilikwisha kubatizwa, na Kanisa halitarudia. Nami ilinibidi nimtafute mama mmoja ambaye siku ile alikaa ukingoni akituwekea nguo kavu. Nilimkuta sokoni akiuza mchicha. Bila hata kufikiri aliyataja majina yote matatu, akaongeza kwamba mimi ndiye niliyetoka majini nikiwa nimepoteza kandambili moja.

Nakiri kwamba nilirudi kwa paroko nikiwa na huzuni. Nilikuwa nimeutamani ubatizo wa Kesha la Pasaka kwa miezi mingi, na kwa kuwa ni fundi nilikuwa nimekwisha kushona mavazi meupe ya popilini kwa wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, tisa wa mwaka ule, na la kumi likiwa langu. Usiku wenyewe ulipofika, moto ukawashwa nje ya kanisa, mshumaa wa Pasaka ukaingizwa gizani, Mbiu ya Pasaka ikaimbwa, tukasomewa uumbaji na kuvuka bahari, kisha wale tisa wakaenda mmoja mmoja kuinamisha vichwa juu ya beseni. Mimi nilisimama kando na nywele zangu kavu. Zamu yangu ilipofika nilikiri imani, nikapakwa krisma, mafuta matakatifu, ya kipaimara, na baadaye nikapokea Ekaristi, mambo ambayo si madogo hata kidogo. Lakini mtu aliyelelewa katika dini ya matukio makubwa alikuwa bado akiangalia beseni. Lile vazi la kumi alilivaa kijana mmoja ambaye lake nilikuwa nimelikata fupi kwa kukosea vipimo, kwa hiyo hata kosa langu la ufundi lilipata pa kujifichia.

Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za sikukuu, ilikuwa haijaisha habari za msitu wa Shakahola zilipoanza kufika mjini.

Wasomaji walio mbali watakuwa wamezisikia kwa redio na runinga. Sisi wa Malindi tulizisikia kwa magari yaliyokuwa yakipita kuelekea chumba cha maiti, na kwa foleni za watu waliotoka sehemu mbalimbali za nchi kuja kutoa vinasaba ili wajue kama ndugu zao walikuwa miongoni mwa waliofukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika makaburi ya msitu ule, watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Sikuwahi kusali katika kanisa la watu wale. Lakini nilipokuwa na umri wa miaka 24, katika kanisa letu sisi, nilifunga siku saba bila chakula wala maji ya kutosha kwa ajili ya kuombea kazi, na siku ya sita nikaanguka juu ya cherehani, taya ikagonga gurudumu. Kovu ninalo. Waliokuja kuniinua walisema ni roho chafu inapigana nami, na walinisihi nimalizie siku ya saba. Nami nilimalizia, kwa furaha, nikihisi kwamba nimewapita wenzangu wote. Kwa hiyo watu walipokuwa wakiuliza mitaani inawezekanaje mtu mwenye akili zake akubali jambo kama lile, mimi sikuuliza.

Katika Kwaresima iliyokuwa imetangulia, katekista wetu, mzee ambaye sote tunamwita Mwalimu, alikuwa ametufundisha sheria ya kufunga, nami niliiona kama mzaha. Siku za lazima ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo kamili ni mmoja, na mingine midogo miwili inaruhusiwa mradi ikijumlishwa isifikie ule mlo kamili. Wanaobanwa ni waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Mgonjwa hafungi, mama anayenyonyesha hafungi, na mtoto hafungi. Nilimwambia Mwalimu kwamba majirani zetu Waislamu wangetucheka, kwa sababu mwezi mzima wa Ramadhani, ulioingiliana na Kwaresima mwaka ule, wao hawakuwa wakionja hata maji hadi magharibi. Mwalimu hakubisha. Alisema, "Mwanangu, na wao mgonjwa hafungi, msafiri hafungi, na jua likizama wanakula. Ogopa kufunga kusiko na futari." Mwezi wa Mei, wakati idadi ya miili ilipokuwa ikitangazwa kila jioni, nilimwendea nyumbani kwake nikamwomba radhi, na akajifanya hakumbuki.

Hapo ndipo nilipoanza kukielewa pia kitubio changu cha kwanza. Kwa kuwa nilikuwa nimebatizwa tayari, nilitakiwa kuungama kabla ya kupokelewa, na maungamo ya miaka kumi na minne si kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeyaandika katika daftari la hesabu za wateja, kwa namba. Padre alinisikiliza akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika veranda ya nyuma ya kanisa, uso wake akiuelekeza kwenye mwarobaini, na nilipomaliza alinipa malipizi ya Baba Yetu tatu. Niliona ni bei ya kutupa. Nikamwambia kwamba ningeweza kufanya zaidi, kwamba nimezoea kukesha. Alinijibu, "Hizo zinatosha. Usiongeze." Yeye amefungwa na siri ya maungamo, mimi sifungwi, ndiyo maana nalieleza hapa: hakuna neno lolote la kidini nililowahi kuambiwa lililonigharimu kulitii kama lile la kutoongeza.

Kisha kijani kikaja. Kwetu huku sehemu kubwa ya Kipindi cha Kawaida huangukia katika kusi, majira ya upepo wa kusini, wakati bahari inapochafuka na kujaza mwani ufukweni, mashua zinakaa nchi kavu siku nyingi kuliko zinazotoka, hoteli nyingi zimefunga, na fundi cherehani anaweza kumaliza juma zima kwa kupunguza suruali mbili na kubadilisha zipu. Wale tisa waliovaa popilini yangu walianza kupungua Jumapili baada ya Jumapili. Nami nusura nipungue. Sababu moja ni kwamba sikuwa nimezoea upweke wa Misa ya Kikatoliki. Kule nilikotoka mgeni alisimamishwa, akapigiwa makofi, akakumbatiwa na watu wasiopungua kumi, na akisahau kuja Jumapili inayofuata anapigiwa simu. Hapa nilisali miezi mitatu kabla mtu wa benchi langu hajaniuliza jina, na baada ya baraka watu walitoka kama abiria wa matatu iliyofika mwisho wa safari. Hilo ni kosa letu Wakatoliki, na sioni haja ya kulipamba. Nilizikosa pia nyimbo za kule, na sala zile za watu wote kwa sauti moja iliyovurugika. Hata leo nikipita jioni karibu na kanisa lile na kusikia ngoma, miguu yangu hupunguza mwendo.

Aliyenishika nisipungue ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, ambaye hajawahi kunipa hata neno moja la kiroho. Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa wasiozijua, ni nyumba chache za majirani zinazokutana kila juma kwa zamu, husali, husoma Injili ya Jumapili inayokuja, na hushughulikia misiba, wagonjwa na michango. Alhamisi yangu ya tatu pale niliomba kuifafanua Injili, nikaifafanua kwa muda wa nusu saa hivi, nikipanda na kushuka kwa sauti kama nilivyofunzwa zamani, mpaka mwenyekiti akasema kwa upole, "Fundi, tumekuelewa. Watoto wa mwenye nyumba wana shule kesho." Juma lililofuata alinikabidhi daftari la mahudhurio na mchango wa shilingi hamsini hamsini. Nililipokea kama adhabu. Lakini mtu anayeshika daftari hulazimika kuwepo, na hulazimika kujua nani hakuja na kwa nini. Yupi amelazwa, yupi ana aibu kwa sababu ana deni, yupi amekosana na nani kwa sababu ya sufuria kubwa ya jumuiya iliyorudishwa ikiwa imetoboka baada ya matanga. Lile suala la sufuria lilituchukua vikao vinne, na kwa hesabu yangu tulisoma Injili tatu za Mathayo bila kuelewa hata moja kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja tufike kwenye mengineyo. Mwishowe aliyeitoboa alisema mwenyewe, mbele ya watu, na mwenyekiti akaagiza chai. Nilikuwa nimewahi kuona watu wakianguka kwa upako, lakini mtu mzima akisema "ni mimi" kuhusu sufuria sikuwa nimemwona.

Kabla sijasahau, kuna jambo la neno kigango, ambalo limewachekesha wengi nyumbani. Kwa Wakatoliki, kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kwetu Wagiriama, kigango ni mti uliochongwa unaosimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki, na ukishasimamishwa haung'olewi. Babu yangu alikuwa wa Gohu, na kigango chake kipo bomani hadi leo, kimeinama kidogo kuelekea kwenye mnazi. Mwaka 2021 nilipomwambia mama kwamba kila Jumapili mchana ninakwenda kigangoni, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Umeanza kumtambikia babu yako, na huku mchungaji wenu alitaka tukichome?" Ni kweli, mchungaji wetu wa zamani alikuwa ameagiza kichomwe, na mama akakataa. Mwalimu alipoulizwa, hakusema kichomwe wala hakusema kitambikiwe. Alisema Kanisa huwaombea marehemu kwa Mungu na haliwaombi koma, yaani roho za wahenga, na kwamba katika mwezi wa Novemba nitaandika jina la babu katika orodha ya marehemu kama wengine. Tofauti hiyo si ndogo, na simdanganyi mama kwamba ni kitu kimoja. Lakini Novemba ile ya kwanza, nilipomsomea jina la baba yake kutoka kwenye karatasi, aliniomba nilisome tena.

Jirani yangu wa kibanda ni mzee wa Kiislamu anayeshona kanzu, fundi hodari kuliko mimi. Siku moja ya kusi, tukiwa hatuna kazi sote wawili, aliniuliza, "Bwana fundi, na nyinyi huko kanisani mnajaa?" Nilicheka, kwa sababu swali hilo limewahi kuulizwa katika mji huu huu. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea India, alizungumza na Mwislamu mmoja mheshimiwa wa hapa, kisha akayaandika mazungumzo hayo katika barua kutoka Goa: yule mtu alitaka kujua kama Wakristo huhudhuria makanisa yao na kama wana bidii ya sala, kwa sababu hapa kulikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda katika mitatu tu. Jibu la mtakatifu lilikuwa kali, la mtu wa zama zake, na sioni kama ningelirudia mbele ya jirani ninayegawana naye umeme. Kikanisa kidogo cha Wareno bado kipo kule baharini, na makuti yake na makaburi yake, na wageni hupigia picha. Mimi nilimjibu mzee ukweli: Pasaka tunajaa hadi nje, na Jumapili kama hizi unaweza kulala kwenye benchi. Akatikisa kichwa, akauma uzi. "Ijumaa ni Ijumaa," akasema, "lakini nenda Alfajiri ukaangalie nani yuko safu ya kwanza."

Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, Mathayo, Marko, Luka, na mwaka huu wa 2026 amerudi Mathayo, yule niliyepokelewa naye. Jumapili ijayo, ya 16 ya Kipindi cha Kawaida, tutasomewa mfano wa ngano na magugu. Mwaka 2023 niliusikia mwezi wa Julai, makaburi ya Shakahola yakiwa bado yanafukuliwa, na nilikasirika benchini. Niliona mwenye shamba amezembea. Watumwa wake walikuwa tayari kung'oa, naye akawazuia, akaacha vyote vikue pamoja hadi mavuno. Sijui jibu la hasira ile, na sitaki kulitunga hapa kwa sababu tu imepita miaka mitatu. Nilichokiona juzi, tulipousoma katika jumuiya, ni kwamba wakati ule sikuwa na shaka hata kidogo kuhusu upande wangu katika shamba lile. Safari hii niliisoma Injili kwa sauti, nikafunga kitabu, nikaita majina ya mahudhurio. Mke wangu, tuliyeoana katika kanisa lile la zamani na ambaye bado anasali huko, alikuwa ameketi mlangoni kwa sababu zamu ilikuwa ya nyumba yetu, akichemsha chai ya tangawizi kwa watu kumi na wanne. Jumapili huwa tunaachana njia panda, yeye kushoto, mimi kulia. Mwaka wa kwanza nilimsihi. Siku hizi namshonea tu sare za kwaya yao.

Kasula inatakiwa Jumamosi kabla ya Misa ya jioni. Nimefumua bega lote ili niweke kipande kipya kwa ndani, na chini ya bitana nimekuta kwamba palikwisha kushonwa zamani, mara mbili, na mafundi wawili tofauti: mmoja alikuwa na mkono mwepesi na mishono midogo iliyolingana, mwingine alikuwa ameishiwa uzi wa kijani akamalizia kwa buluu, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka. Uzi wa kijani ulikuwa umekatika. Ule wa buluu bado unashika, nami sikuufumua.